Kutu ya Fundi na Kutu ya Unyevu: Vifaa Vinne vya Kusafishia Gobore la Kale

Tathmini hii ninaiandika baada ya wiki sita za kusafisha bunduki moja ya marisawa yenye mitutu miwili, gobore la kushindiliwa kwa mdeki (ufito wa kusukumia baruti na marisawa mtutuni) na kufyatuliwa kwa fataki (kikofia kidogo kinacholipuka kikipigwa na nyundo), lililotengenezwa hapa Birmingham katikati ya karne ya 19. Nililipata katika mnada mdogo wa vitu vya marehemu, likiwa limelala miaka mingi juu ya kabati la gereji, na hali yake ilisikitisha: mitutu ilikuwa imeota kutu nyekundu yenye vipele kama ganda la chungwa kavu, mbao ya mjozi ilikuwa imefunikwa na nongo nyeusi za mikono ya watu waliokwisha kufa zamani, na nyundo ya upande wa kulia haikukubali kusogea hata kwa kubembelezwa. Kwa ajili ya kazi hiyo nilinunua vitu vinne, navyo ni mafuta ya Ballistol, sufi ya chuma namba 0000, jeli ya kuondolea kutu ambayo sitaitaja jina, na nta ya Renaissance Wax. Vitatu kati ya hivyo viko rafuni pangu hadi leo. Cha nne nakitumia kusafishia jembe la bustani, kazi ambayo, niseme kweli, kinaiweza vizuri sana.

Kabla ya kufika kwenye chupa na makopo, yapo mambo mawili ambayo mtu hapaswi kuyaruka. La kwanza ni sheria. Sheria ya Silaha ya Uingereza ya mwaka 1968, katika kifungu chake cha 58, inamruhusu mtu kuwa na silaha ya kale bila cheti maadamu anaiweka kama pambo au kitu cha kumbukumbu. Siku atakapoamua kuipiga, ruhusa hiyo haimfai tena. Kwa hiyo haya yote ninayoyaeleza yanahusu bunduki ya kutundikwa ukutani wala si ya kupigia, kwa kuwa mtutu unaong'aa kwa nje unaweza kuwa umeliwa kwa ndani hadi ukabaki mwembamba kama bati. Msomaji aliyeko Tanga au Kisumu, ambaye amelikuta gobore la marehemu babu yake darini, aanzie kituo cha polisi na si dukani, kwa maana sheria ya kwake si hii ya kwangu.

La pili ni kuhakikisha kwamba bunduki haina kitu ndani. Gobore halifunguki kwa nyuma, kwa hiyo jicho halikuambii lolote, na kumulika tochi mdomoni mwa mtutu ni kujiweka mahali pabaya mno. Kipimo ni mdeki, au bora zaidi ufito wa mbao laini. Unahakikisha kwanza kwamba hakuna fataki juu ya chuchu, kile kibomba kidogo cha nyuma ya mtutu kinachovalishwa fataki, unasimama pembeni, unauteremsha ufito taratibu, unatia alama ya chaki pale unapokutana na mdomo wa mtutu, kisha unautoa na kuulaza kwa nje sambamba na mtutu huo. Ncha ikifika usawa wa chuchu, mtutu ni mtupu. Wa kwangu wa kushoto ulikuwa mtupu. Katika ule wa kulia ufito ulikomea upana wa vidole vitatu kabla ya kufika, nami sikugusa kitu kingine siku hiyo. Nilimpigia simu fundi wa bunduki mwenye leseni, nikamweleza, na akanielekeza namna ya kumpelekea. Alichokitoa alinionyesha juu ya gazeti: kizibo cha ngozi kilichokakamaa, marisawa zilizogandamana kwa kutu yao nyeupe, na chini yake baruti nyeusi ya ujazo wa kijiko cha chai, kavu, imetulia kama iliyotiwa juzi. Baruti ya aina hiyo ikikaa pakavu haijali miaka. Tangu siku ile sikubali mtu anieleze habari ya mafuta wala nta kabla hajaniambia amepima.

Sasa nije kwenye kutu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo vifaa hivi vinapoachana njia. Mitutu ya bunduki nyingi nzuri za wakati ule ilifumwa kwa mikanda ya chuma laini na chuma kigumu, ikasokotwa, ikazungushwa juu ya nondo na kuunganishwa kwa moto na nyundo, mpaka ikatoka na mawimbi yanayofanana na maji ya ufuoni yanaporudi. Mitutu hiyo huitwa ya Damaski. Ili mawimbi yaonekane, fundi aliupaka mtutu dawa ya tindikali na chumvi, akauacha ushike kutu usiku kucha, akaisugua kutu hiyo asubuhi kwa brashi, akaupaka tena, akaurudia mchezo huo siku baada ya siku. Chuma laini na chuma kigumu havishiki kutu kwa rangi moja, na tofauti hiyo ndiyo iliyochora mawimbi ya kahawia na ya fedha. Maana yake ni kwamba ile rangi ya kahawia ambayo mnunuzi wa leo anailipia fedha nyingi ni kutu. Ni kutu iliyolelewa na fundi, imekazana, nyembamba, imeshikamana na chuma. Na juu yake imekaa kutu nyingine, ya unyevu wa gereji, nyekundu, nene, ya unga. Kifaa kizuri cha kazi hii ni kile kinachoweza kuitoa hii ya pili na kuiacha ile ya kwanza. Hicho ndicho kipimo pekee nilichokitumia, na sikuona kipimo kingine chenye maana.

Jeli ilishindwa hapo, tena ilishindwa bila kusema uongo. Maandishi ya kopo lake yanaahidi kwamba inaondoa kutu pekee na haigusi chuma kilicho kizima, na ahadi hiyo ni ya kweli neno kwa neno. Niliijaribu chini ya mitutu, mahali ambapo mdeki hukaa na jicho la mgeni halifiki, kwa kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Baada ya nusu saa niliipangusa. Kutu nyekundu ilikuwa imeondoka yote, na pamoja nayo ilikuwa imeondoka rangi ya kahawia, mawimbi yamefutika, na palipobaki ni doa la kijivu, safi na lisilo na uhai kama kijiko cha chuma. Jeli haikujua, wala haikuwa na njia ya kujua, kwamba kutu moja ilikuwa kazi ya mikono ya mtu. Doa lile lipo hadi leo. Nashukuru kwamba nilianza na pale pasipoonekana, na ninamsihi yeyote anayejaribu dawa mpya, hata iliyosifiwa na nani, aanze na mahali kama hapo.

Ballistol ni mafuta ya Kijerumani yaliyotengenezwa mwaka 1904 kwa ajili ya jeshi la Kaisari, ambalo lilitaka kitu kimoja cha kupaka chuma, mbao na ngozi za askari. Harufu yake ni ya dawa ya kikohozi ya zamani. Mke wangu aliivumilia siku mbili, kisha akanihamishia bandani. Mafuta haya yakikutana na maji hayajitengi juu kama mafuta mengine, bali huchanganyika nayo na kuwa meupe kama tui, na nadhani hiyo ndiyo sababu ya kuyapenda, kwa kuwa masizi ya baruti nyeusi yana chumvichumvi ambazo huyeyuka kwa maji na haziyeyuki kwa mafuta matupu. Yana kasoro ya kuwa mepesi kutambaa: ukipaka kwa ukarimu, kesho unayakuta mahali usipoyaweka. Niliyanunua ya kumimina, si ya kupuliza, kwa sababu ya kupuliza yanakwenda kila mahali na yanashika moto kwa urahisi.

Sufi ya chuma huuzwa kwa namba, na namba inayotakiwa ni sifuri nne, iliyo laini kuliko zote za kawaida. Ukiishika mkononi inakaribia kuwa kama nywele za mtoto. Anayechukua sifuri moja kwa kudhani tofauti ni ndogo atachora mikwaruzo isiyofutika. Vilevile zisitumike zile za jikoni zilizotiwa sabuni, wala msasa wa aina yoyote, wala brashi ya waya ya kufungwa kwenye drili. Nimeziona bunduki mbili za kale zilizopitishwa kwenye brashi ya drili: zimeng'aa kama vifaa vya bafuni, na alama za ukaguzi chini ya mitutu zimebaki kivuli. Alama hizo ndizo cheti cha kuzaliwa cha bunduki. Jumba la ukaguzi wa mitutu la Birmingham lilianzishwa mwaka 1813 kwa sheria ya Bunge, na mitutu iliyopita hapo kabla ya 1904 ina fimbo mbili za kifalme zilizokingamana chini ya taji, pamoja na herufi B, P na C. Zangu zilikuwa chini ya kutu, na nilizifikia kwa mswaki laini na mafuta, si kwa sufi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza nilitenganisha mitutu na mbao, jambo ambalo kwa gobore la aina hii si gumu: kuna kabari ya chuma inayopita katikati ya mbao ya mbele, ukiisukuma kwa kipande cha mbao inatoka, kisha mitutu inainuliwa kutoka kwenye ndoano yake ya nyuma. Nilivaa glavu za mpira tangu mwanzo, kwa kuwa vumbi la bunduki ya kale lina madini ya risasi, na sifuti jasho wala siwashi birika nikiwa nazo mkononi. Nilipaka mitutu Ballistol, nikaizungushia kitambaa cha pamba kilicholowa mafuta hayo, nikaiacha siku tatu. Siku ya nne nilichukua tonge la sufi la ukubwa wa yai, nikalichovya kwenye mafuta, nikaanza kusugua kwa uzito wa mkono unaopangusa miwani, kufuata urefu wa mtutu. Mafuta yakageuka rangi ya chai ya rangi, kisha ya udongo mwekundu. Kila sufi ilipojaa niliitupa, kwa sababu sufi iliyojaa kutu inageuka msasa mkononi mwako bila wewe kutambua, na kila baada ya kiganja kimoja cha mtutu nilipangusa kwa kitambaa cheupe na kutazama kwa kioo cha kukuzia. Ikionekana rangi ya kahawia iliyotulia, mkono unaondoka hapo. Ukiona kijivu umepitiliza.

Vipele vigumu havikutoka kwa sufi, na hapa kilichonisaidia kuliko vyote hakimo katika vile vinne nilivyovinunua. Ni sarafu. Peni mbili za Uingereza zilizotolewa kabla ya 1992 ni za bronzi, ilhali za baadaye kwa kawaida ni chuma kilichopakwa shaba. Ukisogeza sumaku, ya kale haivutwi. Bronzi ni laini kuliko chuma cha mtutu, kwa hiyo ukingo wake unaweza kukwangua kipele cha kutu kilicholowa mafuta bila kuchora kilicho chini yake. Nilikaa Jumapili nzima na peni mbili mkononi, nikikwangua vipele vya upande mmoja wa mtutu wa kushoto, na nilipomaliza ukingo wa sarafu ndio uliokuwa umelika. Chini ya kipele kikubwa kuliko vyote, karibu na mdomo wa mtutu, palitokea shimo dogo kama tundu la sindano. Hilo halisafishiki. Kutu ilikwisha kula pale, na chuma kilicholiwa hakirudi.

Wapo wanaochemsha mitutu kwenye maji safi ili kutu nyekundu igeuke nyeusi, halafu wanaipiga brashi laini. Njia hiyo ni ya kweli na mafundi wanaitumia hasa kwa mitutu yenye rangi nyeusi, lakini sikuijaribu, kwa sababu katika mitutu ya kahawia inaweza kuihamisha rangi yote kuelekea weusi, na uamuzi wa namna hiyo haurudishwi nyuma.

Nyundo ya kulia ilinifundisha kazi nyingine ya Ballistol. Nilidondosha tone moja kwenye kiungo chake asubuhi na tone moja jioni, bila kuilazimisha, na siku ya tisa ilisogea kwa sauti ndogo ya mchanga. Sikuufungua mtambo wake. Ndani yake mna springi nene inayokaa imebanwa kwa nguvu, na anayeifungua bila kibanio maalumu anaweza kuivunja au kujiumiza vidole. Isitoshe, skrubu za wakati ule zilichongwa moja moja, mfereji wa kichwa chake ni mwembamba mno, na bisibisi ya kawaida ya dukani inaukwaruza mara ya kwanza tu. Fundi yuleyule wa kwanza ndiye aliyeufungua, akasafisha, akaufunga. Na hata nyundo inapokuwa inasogea vizuri, isiachiwe ikapiga chuchu tupu. Inateremshwa kwa dole gumba.

Kuhusu mbao, mtengenezaji wa Ballistol husema mafuta yake yanafaa pia kwa mbao, nami niliyapaka kwenye kitako bila kuona madhara, ila sioni kwamba yalitoa nongo kuliko kitambaa kilicholowa kidogo maji ya vuguvugu na tone la sabuni laini, kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi. Pale kwenye kishikio, ambapo fundi alichonga mistari inayokatana ili mkono usiteleze, uchafu ulikuwa umejaa hadi mistari ikawa haionekani, na ulitoka kwa mswaki na kijiti cha mwanzi, mstari baada ya mstari. Baada ya kukauka siku mbili nilipaka mafuta ya mbegu za kitani kwa ncha ya kidole, matone machache, nikasugua kwa kiganja mpaka mbao ikapata joto. Jambo moja lisisahaulike: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikikunjwa na kutupwa kwenye pipa hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vyangu nilivianika vimekunjuliwa nje kwenye uzio mpaka vikakakamaa.

Mwisho ni nta. Renaissance Wax ilibuniwa katika maabara ya British Museum miaka ya 1950 kwa ajili ya vitu vya makumbusho, na imo katika vikopo vya mililita 65 na 200. Nilinunua kile kidogo, na baada ya bunduki nzima, chuma na mbao, sijafika hata robo yake. Unaondoa kwanza mafuta yote juu ya chuma, kwa sababu nta haishiki juu ya mafuta, kisha unapaka utando mwembamba kwa kitambaa na kuung'arisha mara moja kabla haujakauka sana. Ina harufu kali ya kiyeyushi, kwa hiyo dirisha liwe wazi. Tofauti yake na mafuta ni kwamba alama ya kidole haishiki. Jasho la mkono lina chumvi, na wageni wote wanaoingia sebuleni kwangu hawawezi kulitazama gobore bila kulishika. Baada ya mafuta matupu niliona vidole vyao siku ya pili, baada ya nta sijaviona.

Kwa anayetaka hesabu fupi: sufi ya 0000 na Ballistol zinunuliwe pamoja, kwa kuwa moja bila nyingine ni nusu ya kazi, na nta inunuliwe ikiwa bunduki itakaa mahali pa kushikwa. Jeli ya kuondoa kutu, ya jina lolote, isikaribie mtutu wa kahawia. Bei zote kwa jumla hazikufikia nusu ya nilichomlipa fundi, na fedha ya fundi ndiyo niliyoitoa kwa moyo mkunjufu zaidi.

Nilipomaliza sikulitundika mara moja. Ndani ya mitutu sikupaka nta bali mafuta, na mafuta hayo yakiachwa huteremka polepole hadi nyuma, yakaingia kwenye mbao ya mtambo na kuiozesha ikawa laini kama mkate uliolowa. Mbao za magobore mengi zimeharibika hivyo, kwa mkono wa mwenye nyumba aliyedhani anazitunza. Kwa hiyo nililisimamisha mdomo ukitazama chini, juu ya gazeti lililokunjwa, katika pembe ya banda. Siku ya tatu nililiinua nikakuta duara mbili za kahawia, zimegusana kama miwani, na ile ya kulia, upande uliokuwa na baruti, bado ilikuwa na weusi katikati. Nikarudi kuusafisha mtutu wa kulia.